Picha ya kasoko za Mwezi ikikataa kusomeka, anza na Jua

Pita ile barabara ya kasoko karibu na Katwe, wilayani Kasese, Uganda, saa moja na nusu asubuhi. Kila shimo la volkano linajichora lenyewe: upande mmoja giza, upande wa pili nyasi zinang'aa. Rudi hapo hapo saa sita mchana. Mashimo ni yale yale, ila sasa macho yanayapita kama uwanda. Vijana wa kikundi chetu huwa nawapeleka pale kabla sijawafungulia picha hata moja ya Mwezi, kwa sababu nusu ya shida wanazoniletea baadaye huwa tayari tumezitatua juu ya kilima, bila kompyuta wala umeme.

Kasoko za Katwe, au kreta kama wengi wanavyosema, zilitokana na milipuko ya volkano. Za Mwezini karibu zote zilichimbwa na vimondo. Asili ni tofauti, lakini mwanga unazichora kwa namna moja.

Haya ninayoandika ni kwa anayetumia picha zilizopigwa na vyombo vinavyouzunguka Mwezi, awe mwalimu, mwanafunzi au mpenzi wa nyota aliye na simu tu. Nyingi ziko wazi kwa umma bila malipo. Mimi hutumia zaidi zile za Lunar Reconnaissance Orbiter, chombo cha NASA kilichorushwa tarehe 18 Juni 2009. Kina kamera mbili nyembamba, yaani zinazotazama ukanda mdogo wa ardhi, ambazo pikseli yake moja (nukta moja ya picha) ni nusu mita ardhini chombo kikiwa kimo cha kilomita 50, na kamera moja pana yenye pikseli ya mita 100.

Picha ikikusumbua, uliza kwa utaratibu huu: Jua lilikuwa wapi? Chombo kilikuwa kinakwendaje? Kamera ilikuwa na hali gani? Mwisho kabisa uliza kuhusu faili na kompyuta yako. Wengi huanzia mwisho. Wanafungua programu ya kurembesha picha, wanavuta mwanga huku na kule, na kufikia jioni picha imekuwa mbaya zaidi huku chanzo hakijaguswa.

Kasoko zimegeuka vilima

Hii ndiyo dalili ninayoletewa kuliko zote. Kijana anaweka simu mbele yangu: "Mwalimu, mbona hapa pamejaa vichuguu?" Na kweli, ukiangalia, ni kama shamba lililovamiwa na mchwa.

Picha haina kosa. Tangu tuzaliwe tumeona vitu vikimulikwa kutoka juu, kwa Jua au kwa taa ya darini, na ubongo umezoea hivyo. Ukipewa picha ambayo mwanga unatoka chini, ubongo haukuulizi. Unashika mazoea yake na kugeuza shimo kuwa kilima. Chombo kinachopita juu ya ncha za Mwezi hupiga picha wakati mwingine Jua likiwa mashariki, wakati mwingine magharibi, na picha ikiwekwa kwenye kioo jinsi ilivyofika, mwanga unaweza kutoka upande wowote.

Kwa hiyo tafuta Jua. Maelezo yanayoambatana na picha hutaja mwelekeo wake. Ukiyakosa, tafuta jiwe. Kwenye picha za kamera nyembamba mawe makubwa huonekana vizuri, hasa kwenye kingo za kasoko changa. Jiwe limesimama juu ya ardhi, hilo halina ubishi: upande wake unaong'aa ndio wa Jua, na kivuli chake kimelalia upande wa pili. Ukishajua Jua liko wapi, kanuni ni fupi. Kwenye shimo, ukuta ulio karibu na Jua ndio wenye giza, na ukuta wa mbali ndio unaowaka. Kwenye kilima ni kinyume chake.

Kisha zungusha picha mpaka mwanga utoke juu, ukipenda juu kushoto. Mara nyingi kuigeuza juu chini kunatosha, na utaona vichuguu vyote vikizama kwa mara moja. Vijana hupiga kelele kila ninapofanya hivyo mbele yao, na mimi mwenyewe sijachoka kuitazama. Kama ramani yako lazima iwe na kaskazini juu, iache ilivyo, lakini chora mshale wa kuonyesha mwanga unatoka wapi.

Jambo moja naomba usilifanye: usigeuze weusi kuwa weupe ili kasoko "zirudi". Shimo litarudi, ndiyo, lakini vivuli vyote vitakuwa vinasema uongo. Ardhi nyeusi ya lava itakuwa nyeupe, na vumbi jeupe lililorushwa na kimondo litakuwa masizi. Mtu atakayeitumia picha hiyo baada yako hatajua.

Umezungusha, umehakikisha Jua, na bado ni kilima? Basi huenda ni kilima kweli. Katikati ya kasoko ya Tycho, yenye upana wa kilomita 85 hivi, kuna mlima unaopanda takriban kilomita 2 kutoka sakafuni, na juu ya kilele chake limekaa jiwe lenye upana wa mita 120 hivi.

Picha ni nyeupe, kasoko hazina kina

Unaona alama za duara, hafifu, kama madoa ya maji kwenye kitambaa. Hakuna ukuta, hakuna mdomo wa shimo. Wengi hudhani kamera haikukaza lenzi.

Sisi wa Kasese tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Ikweta inapita hapa kwetu, pale Kikorongo watalii wanapopigia picha. Simama hapo adhuhuri ya mwezi Machi au Septemba, siku ambazo mchana na usiku hulingana, ukitafute kivuli chako: kiko chini ya nyayo. Ardhi isiyo na kivuli haina sura. Mwezini ni vivyo hivyo. Kasoko ndogo changa huwa na kina cha takriban moja ya tano ya upana wake, na kuta zake huinama nyuzi 30 na kitu. Jua likipanda juu zaidi ya mwinamo huo, hakuna ukuta unaoweza kuficha mwanga, kwa hiyo hakuna kivuli ndani ya shimo.

Ndivyo ilivyokuwa tangu picha za kwanza kabisa za upande wa Mwezi usioonekana kutoka Duniani. Tarehe 7 Oktoba 1959 chombo cha Kisovieti, Luna 3, kilipita nyuma ya Mwezi Jua likiwa limeumulika upande ule karibu wote. Kilipiga picha 29 kwa muda wa dakika 40 hivi. Zilizopokelewa Duniani zilionyesha sehemu nyeusi na sehemu nyeupe, lakini milima na mashimo hayakujitokeza sawasawa, maana vivuli havikuwepo. Picha zile zina makwaruzo mengi ya mawasiliano, ila hata mawasiliano yangekuwa safi, Jua lile lisingewapa kina.

Tiba ni kutafuta picha nyingine ya mahali pale pale, Jua likiwa chini. Kwa kusoma umbo la ardhi, napenda Jua likiwa kati ya nyuzi 15 na 35 juu ya upeo wa macho. Angalia kwenye maelezo ya picha pembe ya kuangukia kwa mwanga. Pembe hiyo hupimwa kutoka utosini, siyo kutoka kwenye upeo, kwa hiyo Jua la nyuzi 20 juu ya upeo litaandikwa 70. Hapa watu wengi huchanganya, wakachagua picha yenye 20 wakidhani wamepata asubuhi, kumbe wamechukua mchana mtupu.

Kwa nini basi chombo kisipige picha zote asubuhi? Kwa sababu njia yake haigeukigeuki. Mzingo wa chombo kinachopita juu ya ncha hubaki umeelekea upande ule ule angani, huku Dunia na Mwezi wake wakilizunguka Jua. Jua linahama kulinganisha na mzingo huo kwa karibu nyuzi 1 kila siku. Mara mbili kwa mwaka chombo hufuata mpaka wa usiku na mchana, vivuli vikiwa virefu, na mara mbili hupita chini ya adhuhuri. Kuna majira ya vivuli na majira ya mwanga, kama sisi tulivyo na masika na kiangazi. Picha yako mbaya ya Machi inaweza kuwa na pacha wake mzuri wa Juni.

Nisiwe mkali sana kwa picha za mchana, hata hivyo. Zina kazi yake. Ile miale mirefu myeupe inayotoka Tycho huonekana vizuri Jua likiwa juu, na hupotea vivuli vikirudi. Anayetafuta tofauti ya udongo achague mchana. Anayetafuta shimo achague asubuhi au jioni.

Na kama doa jeupe limekaa mahali pamoja tu katikati ya picha ya kamera pana, likififia kuelekea kingo, hilo ni Jua lililokuwa nyuma kabisa ya chombo. Pale kila punje ya vumbi imeficha kivuli chake mgongoni mwake, kwa hiyo ardhi inang'aa kuliko majirani. Usidhani umegundua udongo mpya.

Nusu ya kasoko ni nyeusi tii

Hapa Duniani kivuli cha mwembe si giza: anga lote linakirudishia mwanga. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo kivuli ni kivuli kweli. Kwenye picha ya kawaida utaona nusu ya shimo imekatwa kwa kisu.

Kabla hujalalamika, kitumie kivuli hicho. Pima urefu wake kwa pikseli, uzidishe kwa ukubwa wa pikseli, kisha uzidishe kwa tanjenti ya pembe ya Jua juu ya upeo. Kivuli cha mita 1,000 Jua likiwa nyuzi 20 kinakupa mita 364 za kimo kutoka mdomo wa kasoko hadi pale ncha ya kivuli ilipoishia. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kufanya hesabu hiyo kwa simu, na ninashawishika kwamba hakuna somo la tanjenti linalokaa kichwani kuliko hili.

Ukitaka kuona ndani ya kivuli, inategemea ni kivuli gani. Kama kasoko iko mbali na ncha, subiri. Siku moja ya Mwezini ni kama siku zetu 29 na nusu, Jua linatembea nusu ya nyuzi kwa saa, na upande wenye giza leo utawaka wiki ijayo. Tafuta picha ya wakati huo.

Kama ni karibu na ncha, kusubiri hakusaidii. Mhimili wa Mwezi umeinama nyuzi 1 na nusu tu, kwa hiyo Jua la kule huzunguka kwenye upeo bila kupanda, na kuna sakafu za kasoko ambazo hazijaona mwanga wake moja kwa moja kwa muda mrefu mno. Kasoko ya Shackleton kwenye ncha ya kusini, yenye upana wa kilomita 21 na kina cha zaidi ya kilomita 4, ni ya namna hiyo. Ukiivuta picha ya kawaida ili weusi upungue, utapata chengachenga tu, maana kamera haikupokea kitu cha kukuonyesha. Kwa mahali kama hapo tumia picha za ShadowCam, kamera iliyobebwa na Danuri, chombo cha Korea Kusini kilichorushwa Agosti 2022. Ina wepesi wa kuhisi mwanga mara 200 kuliko kamera nyembamba niliyoitaja, na inategemea mwanga mdogo unaodunda kutoka kwenye kuta na milima ya jirani. Wepesi huo una gharama yake: sehemu zinazopigwa na Jua hujaa na kuwa nyeupe kabisa kwenye picha zake. Mtu akikuletea picha ya ShadowCam akilalamika kwamba ukingo umeungua, mwambie kamera inafanya kazi iliyotumwa.

Kasoko zimeburuzika

Sasa tumetoka kwenye Jua, tuko kwenye mwendo. Dalili: kila kitu kina mkia, na mikia yote imeelekea upande mmoja, ule wa safari ya chombo.

Chombo kilicho kilomita 50 juu ya Mwezi hukimbia takriban kilomita 1.6 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, Kampala hadi Jinja ni sekunde 50. Ukitaka pikseli ya nusu mita, kamera lazima ifungue na kufunga jicho kabla ardhi haijasogea nusu mita, yaani kwa theluthi moja hivi ya elfu ya sekunde. Linganisha na setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 2 Desemba 2022. Ilikwenda kasi zaidi, kilomita 7 na zaidi kwa sekunde juu ya ardhi, lakini pikseli yake ilikuwa takriban mita 20, kwa hiyo ilikuwa na muda karibu mara tisa zaidi kabla picha haijaburuzika. Kadiri unavyotaka kuona vitu vidogo zaidi, ndivyo mwendo unavyokubana.

Kamera nyembamba haipigi picha kama simu. Ina mstari mmoja wa pikseli 5,000 hivi, na inaweka mstari baada ya mstari kadiri chombo kinavyosonga, kama mama anayesuka mkeka. Ni muhimu ulishike hili, maana linaeleza dalili tatu zinazofuata.

Lunar Orbiter 1, chombo cha Marekani cha Agosti 1966, kilitumia filamu iliyosafishwa humo humo ndani ya chombo kisha ikasomwa kwa mwanga na kutumwa kwa redio. Kulikuwa na kifaa cha kupima mwendo dhidi ya kimo ili filamu isogezwe sambamba na ardhi. Kifaa hicho hakikufanya kazi ipasavyo, na picha za lenzi kubwa zikaburuzika, huku zile za lenzi ya kati, zisizohitaji ukali huo, zikatoka salama. Huo ni ushahidi mzuri wa kutafutia chanzo: lenzi moja mbaya na nyingine nzuri, kwa wakati mmoja, kwenye chombo kimoja. Jua haliwezi kuwa na hatia.

Mfano wa karibuni ni wa Machi 2024. Lunar Reconnaissance Orbiter na Danuri walipishana kwa kasi ya takriban kilomita 11,500 kwa saa. Kamera ilimnasa mwenzake, lakini Danuri akatokea amevutwa mara kumi ya ukubwa wake, kama ubao mwembamba. Ardhi chini yake haikuburuzika. Ukiona kitu kimoja tu kimevutika na vingine vizima, kinachotembea ni kile kitu.

Picha iliyoburuzika haitibiki kwa kunolewa. Programu itakuchorea kingo ambazo hazikuwepo. Chukua picha ya safari nyingine.

Kingo zinatetemeka kama nyoka

Picha ni kali, halafu ghafla mistari michache inayumba kulia na kushoto, kisha inatulia. Kumbuka mkeka: msukaji akigutuka, mistari ile tu aliyokuwa akiisuka ndiyo inayopinda.

Kuyumba kidogo kunaweza kutokana na chombo chenyewe, kwa mfano paneli za sola au antena zikigeuka. Mtetemo wa namna hiyo huzifikia kamera zote mbili nyembamba sawasawa, maana zimefungwa kwenye mwili mmoja. Kwa hiyo fungua picha ya kamera pacha ya wakati ule ule. Hiyo ndiyo hatua ninayoiona ya maana kuliko zote katika mwongozo huu, na karibu kila mtu huiruka.

Tarehe 13 Oktoba 2014 kamera nyembamba ya kushoto ya Lunar Reconnaissance Orbiter ilileta picha iliyotetemeka vibaya sehemu moja. Hakukuwa na paneli wala antena iliyosogea wakati huo, na kama ingekuwepo, kamera zote mbili zingetikisika kwa namna moja. Watafiti walikokotoa wakafikia kwamba kamera ilipigwa na chembe ya kimondo, yenye upana usiofika milimita moja, ikiwa na kasi ya takriban kilomita 7 kwa sekunde. Kamera iliendelea na kazi. Nikiwaonyesha vijana picha ile hunyamaza, kwa sababu wameona mashimo elfu ya vimondo, na sasa wanaona kimondo kikimgonga mpiga picha.

Kasoko imekuwa yai

Kimondo kikianguka hata kwa mshazari, mlipuko wake huchimba duara, isipokuwa kikija karibu kabisa sambamba na ardhi. Hivyo mayai mengi kwenye picha ni makosa ya vipimo.

Ikiwa mayai yote yamelalia upande mmoja, ni ule mkeka tena. Upana wa pikseli unatokana na kimo cha chombo. Urefu wake unatokana na mwendo na muda wa kila mstari. Tangu Desemba 2011 chombo hicho cha Lunar Reconnaissance Orbiter kiko kwenye mzingo wa yai, kikishuka karibu na ncha ya kusini na kupanda upande wa kaskazini. Kikiwa juu, pikseli inapanuka upande mmoja kuliko mwingine, na faili ghafi itaonyesha kasoko zilizorefuka kufuata njia ya chombo. Usilinyooshe kwa kukisia. Tumia faili iliyokwisha kuwekwa kwenye ramani, au uiweke mwenyewe kwa ISIS, programu ya bure ya Idara ya Jiolojia ya Marekani, inayojua chombo kilikuwa wapi kila mstari ulipopokelewa.

Kama kamera ilielekezwa pembeni badala ya kutazama chini moja kwa moja, kasoko zitabanana kadiri zinavyokwenda mbali, kama matundu ya chumvi ya Katwe unavyoyaona ukiwa ukingoni. Hilo si kosa. Picha ya mlima wa Tycho wakati wa mapambazuko, iliyopigwa tarehe 10 Juni 2011, ilipigwa kwa kuinamisha chombo makusudi, na kwangu hakuna picha ya Mwezi inayoizidi.

Na zipo ndefu za kweli. Schiller ina urefu wa kilomita 180 hivi na upana wa kama 70. Ukiona moja peke yake ni ndefu kati ya majirani ya duara, iamini.

Mistari, ukungu, na michirizi

Mistari iliyonyooka kutoka juu hadi chini ya picha ghafi ya kamera nyembamba hutokana na pikseli zisizolingana wepesi. Kila moja inaacha alama yake urefu wote wa mkeka. Picha iliyosawazishwa haina. Pakua hiyo.

Kwenye picha za zamani za Lunar Orbiter, vipande vipana vyenye mpaka kati yake ni jinsi filamu ilivyosomwa, ukanda kwa ukanda. Hata ile picha maarufu ya kasoko ya Copernicus ya Novemba 1966, iliyopigwa na Lunar Orbiter 2 kutoka kimo cha kilomita 45 hivi, ina mipaka hiyo. Iache.

Ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo, juu ya picha za Lunar Orbiter 4 za mwaka 1967, ulitokana na mlango wa kuikinga lenzi na baridi. Mlango ulianza kusumbua, wahandisi wakaogopa usije ukajifunga moja kwa moja, wakauacha wazi. Mwanga ukapenya, mlango ukafungwa kiasi, kisha lenzi ikapoa na kupata unyevu. Kugeuza chombo kidogo ili lenzi ipate joto kulisaidia. Usipoteze siku kuzisafisha. Mahali pale pale pana picha mpya.

Mahali siyo penyewe

Umeandika nambari za Tycho, ukaletewa ardhi usiyoijua. Angalia longitudo. Ramani nyingine huhesabu magharibi na mashariki, nyingine huhesabu mashariki tu mpaka 360. Tycho ni nyuzi 11.4 magharibi, na hiyo hiyo ni 348.6 mashariki. Ukiandika 11.4 bila alama ya kutoa, umeruka nyuzi karibu 23.

Umefika mahali sahihi lakini kasoko ndogo zimebadilishana kushoto na kulia? Faili ghafi inaweza kuja kama kwenye kioo cha kujitazamia, kutegemea chombo kilikuwa kinatanguliza upande gani. Linganisha na ramani ya kamera pana kabla hujachapisha.

Faili inakataa kufunguka

Picha nzima ya kamera nyembamba ina pikseli 5,064 kwa mistari 52,224. Hiyo ni zaidi ya MB 250 kabla hujafanya chochote. Kwa bando tunalonunua, na kwa kompyuta ya shule yenye kumbukumbu ndogo, usianzie hapo. Tumia ramani ya mtandaoni inayokuletea kipande unachotazama tu, chagua eneo, pakua kipande hicho. Nikihitaji faili nzima, huipakua usiku mtandao ukiwa mwepesi, kwa programu inayoweza kuendelea pale ilipokatikia, kisha nikalinganisha ukubwa wake na ulioandikwa. Picha iliyokatika huwa na sehemu ya chini nyeusi au kijivu tupu, na nimeona mtu akiieleza kama usiku wa Mwezi.

Na usipokee picha ya utafiti kupitia kundi la gumzo. Inabanwa, kasoko ndogo zinageuka vijiraba vya mraba, na kivuli kinapoteza ukingo unaotaka kuupima.

Picha mbili za mahali pamoja hazilingani

Kwanza hakikisha Jua. Kama pembe na mwelekeo wake ni tofauti, acha hapo, tofauti ni ya vivuli. Kama Jua ni lile lile, pikseli ni ile ile, faili zote ni nzima, na bado picha ya baadaye ina doa jeupe lenye miale ambalo ya kwanza haina, usirekebishe chochote. Tarehe 17 Machi 2013 wanaoutazama Mwezi kwa darubini waliona mwako mkali katika Imbrium, uwanda wa lava unaoitwa bahari. Baadaye picha za kabla na baada ziliwekwa pamoja, na pale palikuwa na kasoko mpya yenye upana wa mita 18 hivi. Kufikia 2016 watafiti walikuwa wametangaza 222 zilizopatikana kwa kulinganisha picha za namna hiyo.

Hifadhi faili zote mbili zikiwa ghafi, andika tarehe na namba ya kila moja, weka longitudo na latitudo, na umwombe mtu mwingine azifungue bila kumwambia atazame wapi.